Msaada: draiva ya tachi kwenye keneli ya Linux, kidole kinaganda na kifaa kikilala tachi haiamki

kioski_mbagala:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoijua keneli ya Linux (ule moyo wa mfumo unaoendesha hadwea) kwa ndani, hasa upande wa draiva za tachi, yaani kodi inayoiwezesha keneli kuongea na kioo cha kugusa.

Tuna kioski kidogo cha kuchukulia namba ya foleni, tumekitengeneza wenyewe kwa ajili ya zahanati moja huku Mbagala. Ndani kuna bodi ya ARM ya kawaida na skrini ya inchi 7 ya tachi, hii ya kapasita, chipu ya tachi inaongea na bodi kwa I2C, ile njia ya waya mbili kati ya chipu na chipu. Bodi ilikuja na keneli 4.9 ya muuzaji, na 4.9 iliachwa kutunzwa tangu Januari 2023, kwa hiyo matundu ya usalama yakitokea leo hakuna wa kuyaziba, na kile kitu kimeunganishwa na intaneti na kinashika majina ya wagonjwa. Nikaamua kuhamia 6.6. Printa ya tiketi ikakubali, mtandao ukakubali, skrini ikawaka vizuri tu, shida imebaki tachi.

Draiva ya hii chipu haimo kwenye keneli ya kawaida. Nilichopewa na muuzaji ni faili moja la mistari zaidi ya elfu moja, ndani kuna kila kitu, hadi kodi ya kusasisha fimuwea (programu ya ndani ya chipu) na mafaili yake ya /proc. Nimelirekebisha mpaka linakompailika kwenye 6.6 na linafanya kazi, ila kazi yenyewe ndo hii: mama anagusa kitufe cha "Watoto", anainua kidole, kitufe kinabaki kimebonyezwa, anayefuata akigusa hakuna kitu. Ukigusa kwa vidole viwili kisha ukainua cha kwanza, alama inaruka kutoka upande huu kwenda upande ule. Usiku kioski kinalala, asubuhi kikiamka skrini inawaka lakini tachi imekufa mpaka uzime uwashe. Nikijaribu kuitoa moduli (hiyo draiva) kwa amri ya rmmod mara nyingine keneli inatoa oops, yaani kosa kubwa la ndani. Na mara mojamoja inajigusa yenyewe bila mtu.

Sehemu ya intarapti (ishara ya waya ambayo chipu inatoa ikiwa na habari) iko hivi, nimeipunguza isomeke:

```
static irqreturn_t ts_irq(int irq, void *dev_id)
{
    struct ts_data *ts = dev_id;
    u8 buf[40];
    int i, n;

    ts_read(ts, REG_STATUS, buf, 1);
    n = buf[0] & 0x0f;
    if (n == 0)
        return IRQ_HANDLED;

    ts_read(ts, REG_POINTS, buf, n * 8);
    for (i = 0; i < n; i++)
        ts_report(ts, i, &buf[i * 8]);

    input_sync(ts->input);
    ts_write(ts, REG_STATUS, 0);
    return IRQ_HANDLED;
}
```

Hiyo ts_report inaita input_mt_slot kwa ile i, halafu inaripoti X na Y. Intarapti nimeiomba kwa devm_request_threaded_irq, bendera ni IRQF_TRIGGER_FALLING pamoja na IRQF_ONESHOT. Chipu inashika hadi vidole 5.

Nataka mambo mawili, kwanza kioski kifanye kazi, pili nikishaisafisha niitume kwenye keneli kuu, ili mwenye bodi kama hii asihangaike tena na mimi nikihama toleo lijalo nisianze upya. Nawasilisha.

---

fundi_aggrey:

Mkuu mimi keneli siijui, mimi ni fundi wa skrini hapa Kariakoo, Aggrey, ila hilo la kujigusa lenyewe usikimbilie kulitafuta kwenye draiva. Tachi ya kapasita inapima chaji ndogo sana, kidole kikisogea chaji inabadilika kidogo ndo chipu inajua hapa pameguswa. Sasa ukiweka adapta ya bei chee isiyochuja vizuri, kelele za umeme zinapita kwenye waya zinaingia hadi kwenye kioo, chipu inaona vidole ambavyo havipo. Simu nyingi zinaletwa hapa mteja anasema tachi imeharibika, ukimuuliza anakwambia inafanya hivyo ikiwa kwenye chaji tu. Hapo kioo hakina tatizo, badilisha chaja.

Jaribu hivi, kiwashe hicho kioski kwa betri au pawabenki inayotosha, usiguse kitu, angalia. Kikitulia basi tatizo ni adapta. Na kama boksi lake ni la chuma angalia kama limepigwa ethi, maana fremu ya chuma inayoelea bila ethi inasumbua sana, na mtu mwenye mkono wa jasho kama hali yetu ya hapa Dar ndo anazidisha.

---

dada_biti:

Fundi kasema kweli, anza na hilo kabla ya kugusa kodi, la sivyo utasahihisha draiva vizuri kabisa na bado itajigusa.

Sasa kabla sijaingia kwenye kodi, swali moja ambalo hata watunzaji wa keneli watakuuliza la kwanza: una uhakika hakuna draiva inayofanana tayari? Ingia drivers/input/touchscreen usome majina humo ndani, goodix.c, edt-ft5x06.c, silead.c na wenzake. Chipu nyingi za hizi skrini ni ndugu, zinabadilishwa jina tu. Nakuuliza kwa sababu hiyo tabia ya kusoma rejista ya hali (rejista ni kisanduku cha namba ndani ya chipu), kupata idadi ya vidole kwenye biti nne za chini, baiti 8 kwa kila kidole, halafu kuandika sifuri ili chipu ijue umeshasoma, ndivyo GT911 ya Goodix inavyofanya, rejista yake ya hali ni 0x814E na kitambulisho kinasomwa kuanzia 0x8140. Kama rejista zako ni hizo hizo, acha hilo faili la muuzaji kabisa, unaongeza mistari michache kwenye draiva iliyopo na umemaliza. Kama ni tofauti kweli, endelea.

Nimesoma hiyo ts_irq yako. Kila tatizo ulilolitaja isipokuwa rmmod na kujigusa lina mguu humo ndani.

Kidole kuganda: angalia pale n ikiwa sifuri unarudi. Sifuri haimaanishi hakuna habari! Sifuri NDIYO habari yenyewe, chipu inakwambia kidole cha mwisho kimeinuliwa. Wewe unatoka bila kuripoti kuinuliwa, bila input_sync, kwa hiyo huko juu programu ya kioski inaendelea kuamini mama wa watu bado kabonyeza. Na kibaya zaidi unatoka bila kuandika ile sifuri kwenye REG_STATUS. Kama chipu yako inashikilia waya wa intarapti chini mpaka usafishe hiyo rejista (soma datashiti hapo kwa makini), basi waya unabaki chini, na wewe unasubiri ukingo wa kushuka. Waya ulioko chini tayari hauwezi kushuka tena, kwa hiyo intarapti haiji, tachi kimya. Nusu ya "asubuhi imekufa" inaweza kuwa hapa.

Hapo hapo, aina ya ukingo isiandikwe ndani ya draiva. Iandike kwenye faili la dts la bodi, lile linaloielezea keneli hadwea iliyopo, maana kila bodi inaweza kuunganishwa kivyake, na keneli itaisoma yenyewe. Draiva ibaki na IRQF_ONESHOT tu. Kwa chipu inayoshikilia waya chini, weka IRQ_TYPE_LEVEL_LOW kwenye dts: waya ukiwa chini intarapti itakuja tu hata kama ukingo ulipita hujauona.

Bafa, ile buf ya kuwekea data: ni baiti 40, yaani vidole 5 mara 8, sawa. Lakini n imetoka kwenye chipu na umeichuja kwa 0x0f, kwa hiyo inaweza kufika 15. 15 mara 8 ni 120. Chipu ikichanganyikiwa siku moja, kelele za umeme kwenye I2C au kitu chochote, utaandika baiti 80 nje ya bafa, kwenye steki ya keneli, kumbukumbu yake ya muda. Hilo peke yake ukilituma litarudishwa siku hiyo hiyo, na ni haki lirudishwe. Kinachotoka kwenye hadwea kikague kabla ya kukitumia, n ikizidi kiwango iripoti kwenye logi kwa dev_warn_ratelimited, safisha rejista, toka.

Halafu ts_read inarudisha jibu na wewe huliangalii. I2C ikifeli, buf inabaki na takataka zilizokuwepo kwenye steki, na n yako inasomwa kutoka kwenye hizo takataka.

Vidole kuruka: unatumia i kama namba ya sloti, ile nafasi ambayo kidole kinapaswa kukaa nayo mpaka kiinuliwe. Hiyo i ni nafasi ya kidole kwenye orodha tu, kidole cha kwanza kikiinuliwa cha pili kinapanda kuwa wa kwanza kwenye orodha, nawe unakiripoti kwenye sloti 0, kwa hiyo mfumo unaona kidole kimoja kimeruka kioo kizima. Chipu nyingi zinatoa kitambulisho cha kidole kwenye baiti ya kwanza kati ya zile 8, hicho ndo kiwe sloti. Kikague nacho, kisizidi 4, maana ukimpa input_mt_slot namba isiyokuwepo hatakugombeza, anaipuuza, na X na Y zako zinaandikwa kwenye sloti iliyotangulia. Kama chipu yako haitoi kitambulisho, kuna input_mt_assign_slots, unampa nafasi za vidole anakupangia yeye.

Kwenye input_mt_init_slots weka INPUT_MT_DIRECT na INPUT_MT_DROP_UNUSED, halafu mwisho wa kila fremu:

```
    input_mt_sync_frame(ts->input);
    input_sync(ts->input);
clear:
    ts_write(ts, REG_STATUS, 0);
    return IRQ_HANDLED;
```

Ukiwa na DROP_UNUSED, sloti yoyote ambayo hukuiripoti kwenye fremu hii inaachiwa yenyewe. Kwa hiyo n ikiwa sifuri ruka kusoma pointi, pita moja kwa moja hapo kwenye sync_frame na vidole vyote vitainuliwa vizuri. Njia zote za kutoka, hata za makosa, zipitie clear.

Moja la mwisho, kioski chako nadhani kimesimama wima. Kama muuzaji kageuza X na Y kwa #define, zitoe zote. Tumia touchscreen_parse_properties na touchscreen_report_pos, halafu kwenye dts unaandika touchscreen-swapped-x-y au touchscreen-inverted-x kulingana na skrini ilivyofungwa. Mwenye skrini kama yako iliyolala hatahitaji kukompaili upya.

---

jembe_la_sinza:

Mi ningekushauri usijichoshe kaka. Weka skripti, kila baada ya muda fulani ikigundua tachi imenyamaza inaitoa moduli inairudisha, kazi iendelee. Wagonjwa hawajui keneli wanataka namba.

---

dada_biti:

Mkuu jembe, kasema rmmod inatoa oops. Skripti hiyo itaangusha keneli kila siku, mchana, foleni ikiwa imejaa. Na hata isingekuwa na oops, tachi iliyonyamaza na tachi ambayo hakuna mtu kaigusa utazitofautishaje kwa skripti? Zahanati ni mahali pa watu wanaoumwa, kioski kikifa mama mwenye mtoto wa homa anabaki kusimama pale hajui aende wapi. Hili linatengenezeka, tulitengeneze.

---

kioski_mbagala:

Asanteni sana, hasa dada_biti, hapa nimepata darasa. Majibu kwa kifupi.

Fundi, umepatia. Nimekiwasha kwa betri ya 12V na kigeuzi chake, kimetulia kabisa, hakuna mguso hata mmoja wa uongo kwenye evtest (programu ya kuonyesha miguso). Nimerudisha adapta, ikaanza tena. Natafuta adapta nzuri na boksi nitalipiga ethi.

Dada, rejista zake si za Goodix, nimelinganisha, anwani na mpangilio wa baiti ni tofauti, na hakuna draiva nyingine humo inayolingana. Kitambulisho cha kidole kipo, baiti ya kwanza kama ulivyosema. Datashiti inasema waya wa intarapti unakaa chini mpaka usafishe REG_STATUS. Nimeandika upya ts_irq yote, kidole hakigandi tena na vidole viwili viko sawa, nimeangalia kwenye evtest ABS_MT_TRACKING_ID inakuwa -1 kila kidole kinapoinuliwa. Aisee furaha niliyonayo!

Vimebaki kulala na oops. Na kimeongezeka kimoja: nimetoa zile of_get_named_gpio za zamani nikaweka devm_gpiod_get ya pini ya kurisetia, tangu hapo chipu haionekani kabisa, ts_read inarudisha -6 na i2cdetect haioni kitu kwenye ile anwani. Nikirudisha zile za zamani inaonekana. Kwenye dts pini imeandikwa GPIO_ACTIVE_LOW.

Kwa ufupi probe ya muuzaji (fankshoni ya kuanzisha draiva) inafanya hivi: kzalloc ya ts, yaani inaomba kumbukumbu, inawasha regyuleta (umeme wa chipu), inariseti, inatengeneza input, inaomba intarapti kwa devm. Na remove (ya kuitoa draiva) inazima regyuleta, kisha kfree(ts), yaani inaachia ile kumbukumbu. Kulala: inazima regyuleta, halafu disable_irq. Kuamka: inawasha regyuleta, halafu enable_irq.

---

mzee_wa_uart:

Kijana nimeufuatilia huu uzi tangu mwanzo. Dada kamaliza upande wa kusoma vidole, mimi niseme upande wa kuwasha na kuzima, maana kwa draiva nilizopitia, kusoma vidole watu wanakuja kupatia, wanapoumia ni kwenye mpangilio: nani anawashwa kabla ya nani, nani anazimwa kabla ya nani. Matatizo yako matatu yaliyobaki yote ni hilo.

Anza na pini. Zile gpio_set_value za zamani zilikuwa zinaongea na waya wenyewe, 0 ni chini 1 ni juu. gpiod inaongea maana, si waya. Ukisema gpiod_set_value_cansleep(reset, 1) unamwambia "riseti iwe hai", na kwa sababu dts inasema ACTIVE_LOW yeye anashusha waya. Wewe umehamisha namba zilezile za zamani, mwisho wa mfuatano kuna 1, zamani ilimaanisha waya juu chipu ifanye kazi, sasa inamaanisha ishikilie kwenye riseti. Chipu iliyoshikiliwa kwenye riseti haijibu I2C, ndo hiyo -6. Geuza tu: 1 kuingia kwenye riseti, subiri, 0 kutoka. dts yako iko sahihi, usiiguse.

Kusubiri nako, tazama muuzaji kaandika nini. Nyingi utakuta msleep(5) au msleep(10). msleep kwa muda chini ya milisekunde 20 inaweza kulala zaidi sana ya ulichoomba, kwa muda mfupi kama huo tumia usleep_range, au andika fsleep ikuchagulie yenyewe. Namba zitoke kwenye datashiti, na weka maoni ya mstari mmoja kwamba zimetoka huko.

Oops. Hebu ifuate pole pole. Vitu vya devm, yaani vile keneli inavyovifungua yenyewe draiva ikitoka, havifunguliwi ndani ya remove, vinafunguliwa BAADA ya remove kurudi. Sasa remove yako inazima umeme, inafanya kfree(ts), inarudi. Intarapti bado iko hai, maana yenyewe ni ya devm, itafunguliwa baadaye kidogo. Katika hicho kipande kifupi ikija, na hapo ndipo umeme umekatika waya unayumba kwa hiyo uwezekano ni mkubwa, ts_irq inaamka inashika pointa ya ts ambayo kumbukumbu yake imeshaachiwa. Oops. Ndo maana ni "mara nyingine" na si kila mara.

Dawa ni kutochanganya. Ama kila kitu kiwe devm ama kisiwe kabisa. Kwa draiva ya namna hii fanya devm yote: devm_kzalloc, devm_regulator_get, devm_gpiod_get, devm_input_allocate_device. Regyuleta ukishaiwasha, hapo hapo mstari unaofuata weka devm_add_action_or_reset yenye fankshoni ya kuizima. devm inafungua kwa kurudi nyuma, cha mwisho kuombwa ndo cha kwanza kufunguliwa, kwa hiyo ukiomba intarapti baada ya umeme na baada ya input, yenyewe itafunguliwa kabla umeme haujakatwa. Mwisho utagundua remove haina kazi, ifute yote. Na probe ikifeli katikati, kusafisha kunakuwa kumeshafanyika bila wewe kuandika goto hata moja. Makosa ya probe yarudishe kwa dev_err_probe, maana regyuleta ikiwa bado haijawa tayari utapata -EPROBE_DEFER, hilo si kosa, keneli itajaribu tena, usijaze logi kwa hilo.

Kulala ni hadithi ileile. Muuzaji anakata umeme kwanza ndo anazuia intarapti. Kinyume chake ndo sahihi: disable_irq kwanza, na hiyo inasubiri ts_irq inayoendelea imalize, kisha ukate umeme. (Kwa sababu hiyo hiyo ya kusubiri, usije ukaita disable_irq ndani ya ts_irq yenyewe, itajisubiri milele.) Kuamka: washa umeme, subiri, riseti kamili kama kwenye probe, rudisha mipangilio ya chipu kama ipo, enable_irq iwe ya mwisho. Muuzaji alikuwa anawasha umeme na kufungua intarapti bila kuriseti, chipu inaamka katikati ya hali isiyoeleweka. Tengeneza fankshoni moja ya kuwasha na moja ya kuzima, probe na kuamka ziite ileile, usiandike mara mbili.

Kuzifunga hizo tumia DEFINE_SIMPLE_DEV_PM_OPS na pm_sleep_ptr, zile #ifdef CONFIG_PM za zamani ziondoe.

---

kioski_mbagala:

Mzee shikamoo, na ahsante sana. Nimegeuza riseti, chipu imeonekana papo hapo. Nimeweka devm yote, remove imefutika kweli. Nimeandika kitanzi cha kuingiza na kutoa moduli huku mwenzangu anasugua kioo kwa kiganja kizima, hakuna oops tena. Kulala na kuamka nimejaribu kwa rtcwake (amri ya kulaza bodi na kuiamsha kwa saa), tachi inarudi kila mara.

Faili limepungua sana. Swali la mwisho sasa, kuituma. Naanzia wapi?

---

mzee_wa_uart:

Marahaba. Kabla ya yote angalia juu ya lile faili la muuzaji, leseni. Kama kaandika GPL, ile leseni huria, sawa, acha jina lake la hakimiliki na ongeza lako, weka SPDX-License-Identifier mstari wa kwanza. Kama kaandika ni siri ya kampuni, hiyo kodi hairuhusiwi kutumwa hata ungeisafisha vipi. Signed-off-by yako mwisho wa pachi (mabadiliko ya kodi unayotuma) ni tamko kwamba una haki ya kuituma, usiiweke kwa mazoea.

Kodi ya kusasisha fimuwea, mafaili ya /proc na sysfs, yote yatoke kwenye toleo la kwanza. Draiva fupi inayosoma vidole na kulala vizuri inakaguliwa haraka, mengine yatafuata kwa pachi zake.

---

dada_biti:

Naongezea. Usiitume juu ya 6.6, hamishia kwenye mti wa sasa wa keneli kwanza, jaribu huko, ndo utume. Pachi ziwe mbili, ya kwanza ni maelezo ya dts kwa yaml, yanakaa Documentation/devicetree/bindings/input/touchscreen, uipitishe kwa make dt_binding_check. Ya pili draiva yenyewe. Kama jina la kampuni ya chipu halimo kwenye vendor-prefixes.yaml kutakuwa na pachi ya tatu ndogo ya kuliongeza, na hiyo itangulie zote.

Pitisha zote kwenye checkpatch.pl --strict, halafu get_maintainer.pl itakupa orodha ya wa kuwatumia, utamkuta Dmitry Torokhov ambaye ndo anatunza upande wa input, na watu wa dts. Tuma kwa git send-email, maandishi matupu, barua ya HTML inakataliwa na seva. Kwenye maelezo ya pachi andika umejaribu kwenye bodi gani na umejaribu nini, hilo la kusugua kiganja huku moduli inaingia na kutoka liandike pia, ni kipimo kizuri.

Watakurudishia maswali, jibu kila moja chini ya mstari wake, usipandishe jibu lote juu. Ukirekebisha unatuma v2 ukiwa na maelezo ya kilichobadilika, yakae chini ya zile --- ili yasiingie kwenye historia. Na ukituma wakati dirisha la kuunganisha liko wazi, zile wiki mbili baada ya toleo kutoka, usishangae kimya, wanakuwa na kazi nyingine. Subiri rc1 itoke, lile toleo la kwanza la majaribio.

Ukiwa tayari iweke hapa kabla ya kuituma, nitaisoma mstari kwa mstari.

---

kioski_mbagala:

Leseni nimeangalia, ni GPL toleo la 2, iko wazi. Naanza na ile yaml usiku huu. Kioski kinabaki na 6.6 pale Mbagala kikiwa na draiva mpya, bodi ya pili naiweka mezani na keneli ya sasa kwa ajili ya majaribio. Nikimaliza naibandika hapa hapa, dada_biti, kuanzia probe.